Kuhusu Zamu ya Nimpaye Kwenye Daraja

Jirani na Kambi ya Lukole,
Wilaya ya Ngara, Kagera.
Ijumaa, Februari 2007.

Kwa Waheshimiwa Watengenezaji wa Mchezo wa Mwisho wa Dunia,
Huko huko mliko (Mwalimu Emilian anajua anuani).

YAH: MCHEZO WA PILI UWE WA ZAMU KAMA WA KWANZA, PAMOJA NA MENGINE NITAKAYOKUMBUKA

Waheshimiwa, shikamooni. Kama kati yenu yupo niliyemzidi umri, huyo asiitikie, anisalimie yeye, nami nasema marahaba. Sisi huku wazima, mvua ipo, mihogo ipo, goti langu la kulia ndilo halipo. Poleni na kazi ya kumaliza dunia, najua si kazi ndogo.

Mimi naitwa Eustakia, ila mkiuliza Eustakia hamtanipata, ulizeni Mama Teddy. Nimezaliwa Bugarama nikaolewa huku, nachoma ndizi mbele ya banda la video la Danstan, pale soko linapokutana na kambi. Shule nimefika darasa la nne, la tano nimeliona dirishani. Kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iinueni tu, msiniandikie kwa hilo.

Mchezo wenu tumeupata hivi. Shirika moja lilikuwa linafunga ofisi, likafanya mnada, Danstan akarudi na kompyuta kwenye baiskeli imefungwa blanketi kama mgonjwa. Kuiwasha, mchezo umo ndani umejikalia kimya kama paka ghalani. Kumbe kuna bosi alikuwa anaucheza saa za kazi! Jina lake nalijua na mpishi wake namjua, ila hilo silisemi, mimi si mtu wa maneno.

Kizungu chake anatusomea Mwalimu Emilian. Na ndiye huyo huyo wiki iliyopita alitoka Ngara mjini, kwenye intaneti, akatuambia mnatengeneza mchezo wa pili, na wapenzi wa mchezo dunia nzima wanagombana. Wengine wanataka uwe wa zamu kama huu. Wengine wanataka uwe wa mbio, mtu anakimbia anapiga, anakimbia anapiga. Akasema kila mpenzi anaruhusiwa kutoa maoni. Basi mimi ni mpenzi, na maoni ninayo mpaka mengine yanalala nje.

Ila niwaambie kwanza kinachoniuma, kabla sijachepuka. Nina rafiki yangu anaitwa Nimpaye, Mrundi, mkimbizi wa hapa Lukole, miaka kumi na moja tunakula sahani moja. Mtu wetu kwenye mchezo tunamcheza mimi na yeye, zamu yake, zamu yangu. Nimpaye ndiye aliyempa jina, Niyonzima. Sasa Jumanne ijayo Nimpaye anapanda lori anarudi kwao Muyinga, jina lake limeshabandikwa ubaoni. Na Niyonzima wetu bado yuko kwenye lile daraja lenu lenye majambazi, yuko pale tangu msimu wa senene! Nataka Nimpaye amvushe daraja kabla yeye hajavuka mpaka. Hilo tu ndilo ninalotaka hapa duniani, la goti nimeshalisamehe.

Evaristi, fundi baiskeli, yeye anasema kosa ni la zamu. Kila akipita anatutupia: "Mama Teddy, nyie mnacheza au mnakaa kikao cha harusi? Ungekuwa mchezo wa mbio, huyo Niyonzima wenu sasa hivi ana wajukuu." Na watu wanacheka. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu zamu. Zamu msiiguse. Niyonzima anapewa pumzi kumi, ndivyo Mwalimu anavyoziita. Hatua moja pumzi moja, kupiga bunduki pumzi tano, kufungua begi pumzi nne, sijui begi gani hilo. Zikiisha, majambazi nao wanapata zao. Lakini raha yenyewe iko hapa: wakati mnafikiri, dunia nzima inasimama. Risasi inasimama. Mbwa anasimama mguu juu! Hapo mtu unapata nafasi ya kugeuza ndizi, kumwonya mtoto wa jirani, kuuliza yule mama aliyepita na kitenge kipya amekipata wapi, unarudi, mbwa bado mguu juu.

Hii ni desturi ya watu wenye adabu. Kule bombani kambini ni hivyo hivyo. Mtu anaweka dumu lake kwenye foleni. Asiye na dumu anaweka jiwe. Anaenda kunyonyesha, anaenda kugombana na mume, akirudi jiwe lake limesogezwa na wenzake, nafasi yake ipo. Hata mwizi haibi nafasi ya jiwe. Nimpaye ana jiwe lake jekundu, pembe moja imekatika, kila mtu analijua, akalihamishia na kwenye benchi la Danstan. Leo ni wiki ya tatu ni zamu yake, naye anahangaika na mambo ya kujiandikisha na kufunga mizigo, na jiwe limekaa pale mbele ya kompyuta. Hakuna aliyethubutu kubonyeza. Danstan analia kuwa watu wanalipa kuangalia mbwa amesimama. Mimi namwambia subiri, jiwe lipo.

Huo wa mbio nimeuona, Evaristi aliuleta kwenye sahani ya CD. Unaona mikono miwili na bunduki, mwenye mikono humwoni. Sasa huyo ni nani? Ana uso gani? Kaoa? Nikataka kumshauri Evaristi, neno "kushoto" halijatoka mdomoni ameshakufa mara mbili. Mchezo usioshaurika huo ni mchezo au ni ajali?

2. Hodi. Waheshimiwa, hapa mmetuaibisha. Niyonzima anaingia nyumba za watu bila hodi! Anafungua sanduku mbele ya mwenye nyumba, anachukua dawa, anachukua viatu, na mwenye nyumba anamwangalia tu anamhadithia habari za vumbi. Nimpaye mara ya kwanza alijifunika uso kwa kitenge. Tukaweka utaratibu: kila Niyonzima akifika mlangoni, benchi zima tunapiga hodi kwa sauti, tunangoja kidogo, halafu Nimpaye anaitika karibu kwa niaba ya wenye nyumba. Siku moja tumepiga hodi, tumekaribishwa vizuri, kuingia tunakuta mwenye nyumba ni mifupa mitupu kitandani. Ikabidi tukae kidogo, tukampa pole Niyonzima, na biashara ya ndizi siku hiyo nikaifunga. Mchezo wa pili uwe na kitufe cha hodi. Kitoze pumzi moja, tutalipa.

3. Mwanzoni mnatupa alama tuzigawe: nguvu, shabaha, akili, bahati. Umbea uko wapi? Nimetafuta, Mwalimu ametafuta, haumo. Nani aliyewaambia mtu anaweza kuishi baada ya dunia kuisha bila umbea? Nani atakuambia njia ipi ina askari, nani kaficha mahindi, mgao unakuja lini, binti wa mwenyekiti ana mimba ya nani? Mimi mngenipa alama kumi za umbea na sifuri za bunduki, ningefika mwisho wa mchezo nimekaa. Na yule mliyemwandikia "bahati" nyingi, chunguzeni, mtakuta ana shangazi sokoni.

4. Na pale mtu anapoongea na mtu, mnatupa majibu matatu tu. Matatu! Mimi naamkia kwa majibu saba. Pale darajani yupo mkubwa wa majambazi, mnene, kavaa kofia ya chuma, na majibu yenu ni haya: mtukane, mlipe, au mpige. Basi? Dunia imeisha, watu waliobaki wanahesabika, na wawili wanakutana darajani hawaulizani hata habari za nyumbani? Mimi nilitaka kumwuliza wewe mtoto wa nani. Huwezi jua, unaweza kukuta mama yake ni wa Bugarama na tukayamaliza. Nimpaye yeye alitaka jibu moja tu fupi: "Tunapita, tunarudi nyumbani." Alimwomba Mwalimu atafute vizuri. Mwalimu akatafuta, akavua miwani, akasema, "Dada Nimpaye, halipo." Kwa kukosa jibu hilo tumekaa darajani miezi mitatu tunajadili tuanze kumpiga jambazi yupi. Kuna jioni tulipiga kura, watu kumi na mmoja, jambazi wa kushoto akapata tano, wa kulia tano, na mama mmoja kutoka Nyarubungo aliyekuja kwa dada yake akasema apigwe mbwa. Kelele mpaka jenereta ikaisha mafuta.

5. Sasa hili niwaambie taratibu, msikasirike. Nyie hamjui dunia inavyoisha.

Sisi tunajua. Huku imeshaishia mara kadhaa, ikavuka mto, ikavuka vilima, ikaja ikalala kwenye mihogo yetu. Mimi nilisimama mlangoni nikaiona inapita kutwa nzima imebeba magodoro. Nimpaye alikuwa ndani yake, na sufuria moja na jembe moja, mtoto mgongoni na kuku kwapani. Anasema siku ya tatu tangu wafike, turubai hazijagawiwa, mama mmoja alikuwa ameshapanga nyanya mafungu matano. Siku ya nne akaja mwingine na mafungu sita madogo zaidi, wakaanza kusemana. Siku ya tano kuna mtu ananyoa. Wiki ya pili kuna kwaya mbili, na zote mbili zinasema ile nyingine haijui kuimba. Hiyo ndiyo dunia iliyoisha!

Ya kwenu ina miaka mia mbili tangu iungue na hakuna mtu amepanda mgomba. Mmoja! Miaka mia mbili, Waheshimiwa, hata mgomba mmoja! Huo si mwisho wa dunia, huo ni uvivu. Nilimwambia Danstan hao watu hawakupigwa na bomu, hao waliachwa na wake zao.

Tena hamna foleni. Hamna kadi ya mgao. Hamna yule bwana wa orodha ambaye jina lako analiandika vibaya, halafu inabidi ule posho kwa jina lile la makosa miaka sita. Hamna ugomvi wa wenyeji na wageni kuhusu kuni, mimi na Nimpaye tulikutana kwa ugomvi huo, alikata mti wangu nikamfukuza na mwiko mpaka getini, tukafika wote tumechoka, tukaona tukae. Niyonzima anakula vya kopo baridi kila siku, hajaokota hata kijiti. Mtu wa hivyo atapataje rafiki?

6. Muziki ni wa huzuni mno. Wekeni ngoma kidogo. (Hili si langu, ni la Danstan, amesema nisipoliweka ananihamishia jiko upande wa moshi.)

7. Narudi kwenye Jumanne. Kwa kuwa kuchelewa darajani ni kosa lenu (angalieni namba 2, 3 na 4), naomba nyie wenyewe muandike barua yenye muhuri kwa wanaopanga malori, muwaeleze kuwa Nimpaye hawezi kupanda Jumanne maana ni zamu yake na hajacheza. Nilikwenda mwenyewe kwenye meza yao. Kijana mmoja mpole alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, huyo Niyonzima naye amejiandikisha kurudi?" Nikamwambia yeye yuko darajani. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini, nilikisoma juu chini hakikusomeka.

Sisemi lori lisiende. Mimi si mtu wa fujo. Liende, na kwenye nafasi ya Nimpaye waweke jiwe lake. Jiwe litamshikia nafasi, kama bombani. Lifike Muyinga, likae kwenye kiwanja chao, majirani wa kule ni watu wa foleni pia, watalijua. Halafu Nimpaye atalifuata taratibu tukishavuka daraja. Na kwa mwendo wetu wa kupiga kura nimehesabu tutavuka mwaka 2011, na baada ya daraja Mwalimu anasema kuna mji, kuna pango na kuna vita kubwa. Kwa hiyo tuseme aende akiwa bibi kizee, nimsindikize mwenyewe kwa miguu.

8. Na kama mtasema huyo mama ni mtu mmoja tu, hawezi kuzuia mchezo wa dunia nzima, basi ujazeni huo wa pili mambo ya mbio mnavyotaka, ila wekeni mlango mdogo pembeni wa watu wa zamu. Tutapita kwa hodi.

Hayo ndiyo yangu. Wasalimieni wake zenu na waume zenu, mama zenu hasa, watoto, na yule aliyechora mbwa, mbwa amekaa vizuri. Mwalimu Emilian anawasalimu kwa Kizungu, atajaza mwenyewe. Danstan anawasalimu. Evaristi hakunituma ila msalimieni. Nimpaye hajui kama naandika, yuko kwake anauza vyungu, ila najua anawasalimu maana ni mtu wa watu.

Nikiwa juu ya kiroba changu cha mkaa, na sina kinyongo na yeyote,
Mama Teddy (Eustakia),
Benchi la Mbele.

N.B. Jumatatu mchana. Barua ilikuwa bado kwangu, Mwalimu anaondoka saa tisa. Naomba yote niliyoandika juu myafute kwa mstari.

Leo asubuhi nimeshika koleo la mkaa, namwona Nimpaye anakuja mbio. Nimpaye hakimbiagi. Malori yameletwa leo, siyo kesho, wamebadilisha bila kumwambia mtu, hata mimi sikuwa na habari, mimi! Akaingia bandani bila hodi. Akalisogeza jiwe, akashika kipanya amesimama, mzigo kichwani. Benchi zima tukaanza, "Wa kushoto! Nimpaye, wa kushoto!" Wengine, "Mbwa!" Hakusikiliza mtu. Hakumtukana yule mnene, hakumlipa, hakumpiga. Pumzi zote kumi akazifanya hatua. Kumi, moja kwa moja, katikati yao. Wakapiga, wakakosa, wakapiga, wakampata kidogo. Akaniangalia, akala na zamu yangu, kumi tena. Akacheza na yake, kumi. Niyonzima akavuka. Damu kidogo tu miguuni.

Miezi mitatu tumegombania namna ya kupigana, hakuna hata mmoja aliyesema tukimbie. Evaristi mwenyewe mtu wa mbio hakusema. Nikamwambia, "Yewe Nimpaye, ulijuaje?" Akasema, "Mama Teddy, mie daraja nimeshavuka la kweli, na mtoto mgongoni. Siku hiyo hakukuwa na wa kunishauri." Akacheka, nami nikacheka, honi ikapigwa. Nikampa ndizi sita, mbili zilikuwa bado mbichi katikati.

Kwa hiyo mchezo wa pili fanyeni wa mbio. Evaristi ameshinda, mwambieni nyie, mimi simwambii. Huu wa zamu una ubaya mmoja ambao sikuuona: mwenzako akiondoka, zamu inabaki kwako, na dunia nzima inasimama inakutazama.

Lori limekwenda na Nimpaye. Jiwe ndilo limebaki kwenye benchi, nimelisogeza mbele nafasi moja.

Danstan ananiambia, "Bonyeza basi Mama Teddy, mafuta yanaisha." Nimemwambia aninyamazie, bado nafikiri.